Tafakuri ya Ramadhani, siku ya 12: Zawadi inayofuata kiti



Ndugu zangu wa Kawajense na wote mnaotusoma, Allah atutakabalie swaumu zetu. Leo naanza na kosa langu mwenyewe.

Mwezi wa Shaabani nilikwenda ofisi moja ya umma kufuatilia cheti cha kuzaliwa cha mtoto wa dada yangu. Foleni ndefu, watu wako kwenye benchi tangu asubuhi. Kijana wa mapokezi akaona kanzu na kofia, akaniambia, "Ustadhi, wewe pita huku." Nikapita. Sikutoa hata shilingi. Natoka na karatasi yangu, nikakutana macho na mama mmoja mwenye mtoto mgongoni, yupo palepale nilipomkuta. Hakusema kitu. Bora angesema.

Kijana yule si mtu mbaya. Aliona haya kumpanga ustadhi foleni, na mimi nikaona haya kuikataa heshima yake. Haki ya mama yule ikapotea hapo katikati.

Jamani, mambo haya huanza hivyo hivyo. Mtu kaajiriwa juzi, nia yake safi. Anakuta wenzake wanagawana "ya chai". Akikataa wanamnyamazia, wanasema anajifanya malaika. Akipokea mara moja, ya pili haimchomi tena. Na nyumbani nako mjomba anapiga simu mtoto wake aingizwe kazini, mke anauliza mbona mwenzako kashajenga.

Bukhari na Muslim wamepokea habari ya Ibn al-Lutbiyya, mtu wa kabila la Azd, ambaye Mtume ﷺ alimtuma kukusanya zaka za Banu Sulaym. Aliporudi akasema mali hii ni yenu, na hii nimepewa zawadi. Mtume ﷺ akapanda mimbari, akauliza kwa nini asingekaa nyumbani kwa baba yake na mama yake aone kama zawadi ingemfuata huko. Mtu huyu zaka aliileta. Hakuificha ile zawadi, aliitaja mwenyewe. Hakuona tu kwamba waliompa walikipa kile kiti. Na jambo lile lilisemwa mbele ya watu wote, nami nadhani ni kwa sababu mtoaji naye alikuwa na haja ya kulisikia. Hata sheria yetu ya rushwa ya 2007, ile wanayoisimamia TAKUKURU, inamshika anayepokea na anayetoa.

Fungueni Suratul Baqara. Aya za funga ni 183 mpaka 187. Inayofuata, 188, inakataza kula mali za watu kwa batili na kuzipeleka kwa mahakimu. Zimepakana kabisa.

Sasa tuambiane ukweli. Saa nane mchana, jua la Mpanda, uko peke yako jikoni na maji yapo, hunywi. Hiyo ni takwa. Lakini pia tunaweza kwa sababu mtaa mzima umefunga, hata yule tusiyemuona msikitini mwaka mzima kafunga. Kundi linambeba. Muulizeni anayefunga sita za Shawwal, wenzake wanakunywa chai na chapati mbele yake. Mtumishi mwaminifu kwenye ofisi iliyoharibika anafunga sita za Shawwal mwaka mzima, peke yake.

Basi wewe uliye zahanati, kata, shuleni au polisi, tafuta mwenzako mmoja tu mshikane. Na sisi wengine tusimpelekee kuku, tusimpigie simu "mimi ni shemeji yako". Mzazi, usimuulize mwanao mbona fulani ana gari.

Juzi nilikuwa na shida nyingine ofisi ileile. Nikakaa kwenye benchi. Kijana akaniita mara mbili, nikamwambia nipo nyuma ya huyu mzee. Muda wa kazi ukaisha kabla sijafikiwa. Kesho asubuhi naenda tena, inshaAllah, kwa hiyo darsa ya saa tatu itakuwa baada ya Adhuhuri.

Wabillahi tawfiq.