Je, Kuheshimu Imani ya Mwenzako ni Kunyamaza?

Sisi ni vijana wa kanisa hili tunaosomea uuguzi nje ya makazi yetu hapa Uganda. Tumeombwa tuandike kidogo juu ya yale tunayojifunza. Tumeona ni vema tuwaletee swali moja lililotusumbua kwa muda mrefu.

Darasani kwetu wamo Wakatoliki, Waanglikana, Waislamu, walokole, na wengine wanaoshika mila za wazee wao. Wamo wenyeji wa hapa, na wamo waliokimbia vita kama sisi, kutoka Kongo, Sudan Kusini na Burundi. Tunakula pamoja na kusoma pamoja, lakini kila mmoja alikuja na mafundisho ya kwao.

Jioni moja, tukiwa tunapika uani, mwenzetu mmoja alianguka kwa kifafa. Mkono wake ukaangukia jiko la makaa. Majuma matatu kabla ya hapo tulikuwa tumefaulu mtihani juu ya ubongo na mishipa ya fahamu. Tuliandika vizuri kabisa kwamba kifafa hakiambukizi. Lakini tulipoona povu mdomoni, miguu yetu ilirudi nyuma. Mmoja wetu alikimbilia kijiko ili amtie mdomoni. Aliyemvuta kutoka motoni ni dada mlokole anayeamini kwamba kifafa chote ni pepo. Alimshika, akamlaza, akaomba kwa sauti mpaka mwenzetu akatulia.

Usiku ule maneno yalikuwa mengi bwenini. Mmoja alisema ukigusa povu lile nawe utaanguka. Mwingine alisema ni laana ya ukoo. Mwingine alisema ni mjusi anayezunguka kichwani. Yule dada naye alimwambia mgonjwa aache vidonge vyake, maana kumeza dawa ni kukosa imani. Tulijua kwamba hilo ni hatari. Lakini tulijiuliza: huyu ndiye aliyemwokoa, na hii ni imani yake, sisi ni nani tumpinge? Tukanyamaza. Siku chache baadaye mwenzetu alianguka mara tatu kwa siku moja, akalazwa hospitali. Hakuwa amemeza kidonge hata kimoja tangu usiku ule.

Tulipojichunguza mioyo tuliona kwamba ukimya wetu haukuwa heshima. Tuliogopa kugombana, na mgonjwa ndiye aliyeumia kwa ajili ya amani yetu.

Wapendwa, tuseme wazi yale tuliyopaswa kusema usiku ule. Kifafa hutoka katika ubongo. Ubongo hufanya kazi kwa umeme mdogo sana, na umeme huo ukivurugika mtu huweza kuanguka. Chanzo chaweza kuwa mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, malaria iliyopanda kichwani, jeraha la kichwa, au minyoo ya tegu wa nguruwe. Wapo wengi ambao chanzo chao hakijulikani. Karibu na mito yenye maji ya kasi, kama sehemu fulani za Ituri na za kaskazini mwa Uganda, ambako usubi huuma watu, kifafa huonekana zaidi. Hakuna anayekipata kwa kugusa povu. Vidonge vya phenobarbital vimetumika kutuliza kifafa tangu mwaka 1912. Kuviacha ghafla kwaweza kuleta kuanguka mfululizo, hata kifo. Na kijiko chetu nacho kilikuwa kosa, maana huvunja meno na kuumiza mdomo.

Wengine watauliza: na yule kijana wa Marko 9? Tunasoma kwamba Yesu alimtoa pepo, nasi tunaamini. Lakini Mathayo 4:24, akitaja wagonjwa walioletwa kwa Bwana, anawataja wenye pepo na wenye kifafa kila kundi peke yake. Basi Maandiko yenyewe hayatulazimishi kusema kila aanguka­ye ana pepo. Na hakuna mahali yanapotukataza kuomba huku mgonjwa akimeza dawa.

Lakini je, mwenye kujua aseme namna gani? Katika 1 Wakorintho 8 Mtume Paulo aliwaonya waliojua zaidi wasijivune wakamkwaza ndugu. Sisi tungejivunia nini, wakati elimu yetu ilikimbia na imani ya dada yule ikaingia motoni? Kwa hiyo tulimwendea. Kwanza tulimshukuru kwa kumvuta mwenzetu. Pili tulikiri woga wetu na kijiko chetu. Ndipo tukamweleza habari ya vidonge. Hakukubali yote, na mpaka leo anaamini kwamba ugonjwa huu una pepo. Lakini alikubali jambo moja: hatamwambia tena mtu aache dawa. Sasa anamwombea mwenzetu, na jioni anamwuliza kama amemeza.

Jibu letu basi ni hili. Mwenzako ana haki ya kuamini asivyoamini wewe, na si kazi yako kumshinda. Lakini imani hiyo ikiugusa mwili wa mtu wa tatu, kunyamaza ni kumwacha mtu huyo peke yake.

Tunawasihi, wazazi wetu, msiwafiche watoto wenye kifafa nyumbani, wala msiwatoe shuleni. Akianguka, mwondoe penye moto na maji, mlaze kwa ubavu, usimtie kitu mdomoni, usimkandamize. Ikipita dakika 5 hajatulia, mpelekeni kituo cha afya upesi. Na mwombeeni, mikono yenu ikiwa juu yake.