Kukataa si Kula Kiapo
Je, aliyekataa nafasi ya chuo kikuu ana haki ya kurudi kuiomba mwaka unaofuata? Wengi humwona mtu asiye na haya: maji yakimwagika hayazoleki, husema. Lakini nafasi ya masomo si maji. Nchini Tanzania, mwombaji aliyechaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja hutakiwa na Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) athibitishe kimoja tu. Kukataa, basi, kumo ndani ya utaratibu wenyewe. Anayedhulumu ni yule anayethibitisha kisha asitokee, kiti kikabaki kitupu.

Pingamizi zito zaidi ni la ukigeugeu: neno la aliyekataa kisha akarudi litaaminiwaje tena? Katika Injili ya Mathayo, sura ya 21, yumo mwana aliyemkatalia baba yake kwenda shambani, baadaye akajuta, akaenda. Nduguye aliitikia kwa heshima, asiende. Wasikilizaji wa Yesu wenyewe wanakiri kwamba aliyetimiza mapenzi ya baba ni yule aliyekataa. Kwangu hoja hiyo inatosha kumfungulia mlango anayerudi, ingawa si kila anayerudi amejuta. Majuto yanataka sababu mpya, na anayesukumwa tu na wivu wa kuwaona wenzake wakiendelea bado hajaipata.