Kimya Chako Kina Nguvu

Unasema huna maabara.

Unasema hivyo ukiwa Kiborloni, Moshi, simu mkononi, na Mlima Kilimanjaro unakutazama tangu alfajiri?

Sikia. Kuna sumaku zisizovuta hata pini. Atomu moja imeelekea juu, jirani yake chini, zinafutana nguvu. Kwa nje, kimya. Zinaitwa antiferomagneti. Louis Néel alipata Nobeli mwaka 1970, ugunduzi wake kuzihusu ukitajwa, na bado yeye mwenyewe hakuziona kuwa na matumizi.

Mwaka 2016 watafiti wakaugeuza mwelekeo wa atomu hizo kwa umeme, katika joto la kawaida tu la chumba. Nguvu ilikuwamo muda wote!

Na yako je? Imelala hadi lini?

Ila kugeuka kwenyewe kunaonekanaje? Kwa almasi. Tena almasi yenye kasoro: atomu ya kaboni imetoka, pengo limebaki, pembeni yake imekaa naitrojeni. Imulike kwa mwanga wa kijani, itawaka nyekundu. Ipigie mawimbi ya maikrowevu, wekundu utafifia kwenye wimbi fulani. Ikisogelea sumaku, wimbi hilo linahama. Huko Zurich watafiti walipitisha ncha ya almasi hiyo juu ya antiferomagneti, utando wa shaba, manganizi na aseniki, wakaona umeme ukizivunjavunja kanda za sumaku kuwa vipande vidogo.

Ile kasoro ndiyo jicho.

Wewe yako unaificha ya nini?

Mwanafunzi Erasto Mpemba alikuwa na nini? Mwaka 1963, pale shule ya Magamba, aliweka maziwa ya moto kwenye friza akiogopa kukosa nafasi. Yakaganda kabla ya maziwa ya mwenzake, ambayo hayakuchemshwa. Akauliza, wakamcheka. Akauliza tena! Akamuuliza Denis Osborne, mhadhiri kutoka Dar es Salaam, mbele ya wenzake waliokuwa wakimcheka. Osborne akaenda kupima. Makala yao ilipotoka 1969, Mpemba alikuwa mwanafunzi wa chuo cha wanyamapori cha Mweka.

Mweka! Hapo juu tu, njia unayoipita kila siku.

Nawe unasubiri nani akuruhusu?

Chukua simu. Kama ina dira, ina kihisi cha sumaku. Shuka mto Karanga, okota mawe meusi ya volkeno. Sogeza simu jiwe kwa jiwe, andika namba. Geuza jiwe, andika tena. Namba ikiruka, jiulize kwa nini, na usilale na swali hilo peke yako.

Jua halijazama. Nenda.