Ming'oko Chini ya Udongo



Mwezi wa Oktoba pori la Kilwa na Lindi limekauka. Shina la mng'oko limenyauka, limekuwa kama kamba iliyotupwa. Mgeni akipita husema, "Hapa hapana kitu." Lakini mama aendaye kuchimba huifuata kamba ile kavu mpaka inapoingia ardhini, na huko chini hukuta chakula cha watoto wake. Na mvua za kwanza zikinyesha, viazi vilivyobaki huchipua, ingawa hakuna mkono uliovipanda.

Ndugu, katika kila mtaa yumo Mkristo aliyekauka hivyo. Haonekani tena kwenye Meza ya Bwana. Pengine ametengwa, nasi tumekwisha kumfuta moyoni. Je, tunajua kilichomo chini? Katika Luka 13, mtunza shamba aliuombea mtini mwaka mmoja zaidi.

Mchimbaji mwenye busara hamalizi yote. Huacha kichwa cha kiazi na kukifukia, ili mwakani kichipue. Nasi tunapoonya, tusimng'oe mtu mpaka mzizi wa mwisho. Onyo lisiloacha njia ya kurudi si onyo la Kikristo.

Basi, Majilio haya kila mmoja wetu amtafute mmoja. Usiende na hesabu ya zaka asizotoa. Msalimu, keti naye, omba naye. Mvua ni ya Mungu. Kazi yetu ni kutouua mzizi.

Amina.