Faili Nalo ni Amana

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Ndugu Waislamu, njia ya kale ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipitia Tabora. Wapagazi wa Kinyamwezi walichukua pembe mabegani mpaka pwani kwetu, mwendo wa miezi. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, mzigo ulishuka mabegani ukapanda garini. Mzigo umebadilika, lakini suala ni lile lile: aliyemaliza kazi, haki yake huipata lini?

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika. Watu wake wa reli, bandari, posta na ndege wakabaki na madai ya pensheni. Mwaka 1984 serikali tatu zilitia saini Arusha mapatano ya kugawana mali na madeni. Hata hivyo wazee wa Tanzania walizidi kungoja, wakafika mahakamani, na mapatano yao na serikali juu ya malipo hayakupatikana ila mwaka 2005. Hiyo ni miaka 28. Aliyeachwa na miaka 40 alikuwa sasa na 68, kama yu hai. Wengi, jina lilipoitwa, aliyeitika ni mrithi.

Je, deni lililolipwa baada ya mwenyewe kufa, limelipwa? Kwa upande wa mali, naam. Ni haki ya warithi. Lakini dawa aliyoikosa mzee, na aibu ya kukopa dukani kila mwezi, hizo hazirithiwi wala hazilipiki. Ndiyo maana Mtume wetu (S.A.W.) alitufunza kumpa mfanyakazi ujira wake kabla jasho halijamkauka, na akahesabu kuwa ni dhuluma mwenye uwezo kuahirisha deni.

Karani atajibu: "Mimi sili rushwa. Nahakikisha makaratasi, kwani fedha ya umma nayo ni amana." Kweli kabisa. Anayelipa bila kuhakikisha humpa mwongo fungu la yatima. Basi tupambanue. Kuna faili linalongoja kwa kuwa linachunguzwa, na kuna faili linalongoja kwa kuwa limelala. La kwanza ni uaminifu. La pili ni dhuluma, hata kama hakuna senti iliyoibiwa. Kipimo chake ni chepesi: mzee akirudi dirishani na rufaa yake, akauliza kwa nini leo halikusogea, je, unalo jibu ambalo ungethubutu kulitoa mbele ya Mwenyezi Mungu? Ukimwambia "njoo kesho" na hunalo jibu, umemchukulia siku moja ya umri wake, na umri haurudishwi.

Wala tusiwacheke makarani. Nyumba ngapi za pwani zina mirathi isiyogawanywa mwaka wa kumi, kaka mkubwa akila kodi na dada zake wakiambiwa wasubiri? Mtumishi wa jikoni mangapi mshahara wake hungojeshwa mpaka mwisho wa mwezi mwingine, na kwenye harusi tunatumia bila ya kuhesabu? Sisi nasi tuna mafaili yaliyolala.

Subira ni ya anayedai. Anayedaiwa hana ruhusa ya kuihubiri. Basi ulalapo usiku huu, tazama haki ya nani iko mkononi mwako, na asubuhi umpelekee.

Wabillahi tawfiq.