Kiingilio

Ndugu msomaji, kuna swali linalonikosesha usingizi tangu usiku ule wa zilipendwa. Nimeona nilitue hapa mbele yako, tulitazame wote. Mtu akifika mlangoni, akasema muziki unaopigwa ndani aliupiga yeye, na mfukoni hana kitu, je, aliyekaa mlangoni anadaiwa nini?

Aliyekaa mlangoni nilikuwa mimi. Bendi tatu za vijana wa hapa hapa Dar es Salaam zilikodi ukumbi ili zipige dansi la zamani, vyombo vyote laivu: magitaa, tumba, saksafoni, tarumbeta. Mimi nilipewa meza, kopo la fedha na kitabu cha tiketi. Kiingilio shilingi 10,000. Ujira wangu 15,000. Amri niliyopewa ilikuwa fupi: hapiti mtu bure, hata awe shemeji yako.

Kwenye saa nne usiku akaja mzee mmoja. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi, viatu vimechoka lakini vinang'aa. Nikamwamkia.

"Marahaba, mjukuu wangu," akasema, huku mguu mmoja umeshavuka kizingiti.

"Tiketi, mzee?"

Akacheka. "Wimbo huo wanaouanza, tarumbeta yake nilipuliza mimi, pale Radio Tanzania. Sasa nikate tiketi ya pumzi yangu mwenyewe?"

Nikamjibu jibu ambalo mpaka leo linanichoma: "Mzee, siku hizi kila mtu anasema alipiga."

Hakukasirika. Alirudisha mguu nje, akasema, "Haya bwana. Hata hapa nje inasikika." Akaenda kusimama karibu na muuza mishikaki, mgongo ukutani.

Ndani wimbo ukaenda ubeti wa kwanza, wa pili. Mimi nikawa namwangalia kwa jicho la pembeni. Ghafla vidole vitatu vya mkono wake wa kulia vikaanza kubonyeza paja. Sekunde moja baadaye ndipo nikaisikia tarumbeta. Vidole vya mzee vilitangulia! Kila tarumbeta ilipotaka kupanda, vidole vilikuwa vimeshafika huko vinaingoja. Mtu anayefuata muziki huchelewa kidogo. Yule hakuwa anafuata.

Hebu tusikimbilie kulia, tupime kwanza. Wapo watakaosema mzee yule hadai chochote, na hoja yao si ya kipuuzi. Bendi nyingi za enzi zile zilikuwa mali ya taasisi. Nuta Jazz, iliyoanza mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Polisi walikuwa na bendi yao, Magereza nao yao. Vyombo vilikuwa vya mwajiri, na mpigaji alikuwa mwajiriwa mwenye mshahara. Fundi aliyejenga ukumbi hasimami mlangoni kudai aingie bure kwa sababu matofali aliyapanga yeye. Kalipwa, kamaliza.

Wengine watasema muziki ule ni wa wote. Hata jina lenyewe tuliliazima. Dar es Salaam Jazz ilikuwapo tangu mwaka 1932, Morogoro Jazz tangu 1944, lakini anayezitafuta humo bendi za swing za Marekani atapotea njia. "Jazz" kwetu lilikuwa jina la kundi la dansi, na kilichochezwa sana kilikuwa rumba, chacha na mengine yaliyotua bandarini kwenye sahani za santuri. Salum Abdallah kule Morogoro aliliita kundi lake Cuban Marimba bila ya kumficha mtu alikochota. Na rumba hiyo ya Cuba ilikuwa na damu ya Afrika iliyovushwa bahari kwa minyororo. Sasa katika mzunguko huo, nani amdai nani?

Hoja hizi nimezigeuza sana kichwani, na naona zinajibu swali jingine. Zinatuambia nani mwenye mali. Mzee hakuja kudai mali. Hakutaka mgawo wa kopo langu. Alitaka kukaa kwenye kiti na kuusikia ujana wake ukipigwa na watoto wa watu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inaweza kusema mengi juu ya mtunzi na malipo yake, lakini sijui kifungu kinachompa mtu haki ya kukumbukwa mlangoni.

Na hapa ndipo ninapobanwa zaidi. Tuseme vidole vile visingecheza. Tuseme alikuwa mzee tu, mpenda dansi, aliyedanganya kidogo kwa kukosa mshiko. Ningeumia hivi? Nasema kweli: nisingeumia. Ningewasimulia washkaji nao wangecheka. Maana yake majuto yangu yamengoja ushahidi. Nilimtaka kwanza athibitishe kuwa ni mtu mkubwa, ndipo nimwone kuwa ni mtu. Hiyo ni heshima gani, ndugu yangu?

Utaniambia, "Si ungemwachia tu apite?" Subiri. Ndani kulikuwa na kijana anayepuliza tarumbeta ile ile, naye alikuwa analipwa kutokana na kopo lile lile. Nikiwafungulia wote wenye hadithi nzuri, kijana huyo anarudi Mbagala kwa miguu, na miaka arobaini baadaye yeye ndiye anayesimama ukutani. Amri ya mlango ilikuwa ya haki. Hilo silirudi nyuma.

Ila mlangoni pale kulikuwa na fedha za namna mbili. Za kopo, ambazo si zangu, nilizilinda kama simba. Na zangu mimi, 15,000 nilizokwishapewa mapema, zilikuwa mfuko wa shati. Ningetoa 10,000, nikaitia koponi, nikachana tiketi nikampa mzee. Bendi ingepata haki yake, naye angekaa. Ningebaki na 5,000 na nauli ya daladala. Hakuna ambaye angedhulumiwa, isipokuwa uchoyo wangu. Nilijificha nyuma ya haki ya wenzangu ili nisiulizwe juu ya mfuko wangu.

Wazo hilo lilinijia wakati wimbo umeshaingia kwenye chemko, ukumbi mzima unapiga mayowe, watu wanapanda jukwaani kumtuza mpiga tarumbeta noti kwenye paji la uso. Nikaacha meza, nikatoka. Muuza mishikaki alikuwa anapepea moto peke yake.

"Mzee yupo wapi?"

"Kaondoka. Kasema gari la mwisho litamwacha." Akageuza mshikaki mmoja, kisha akaongeza, "Amesema yule dogo anapuliza vizuri, ila anavuta pumzi mapema."

Nilirudi ndani, nikamsubiri yule kijana hadi bendi ilipopumzika, nikamfikishia ujumbe. Aliniuliza nimeutoa kwa nani. Nikashindwa kumjibu, kwa sababu hata jina lake sikumwuliza.