Njaa na Hofu



Katika Surat Quraysh, Mwenyezi Mungu aliwakumbusha Makureshi neema mbili kwa pamoja: kulishwa baada ya njaa na kupewa amani baada ya hofu. Tuitafakari sura hii sisi wa Mombasa, ambako Kisauni na Likoni watu hufunga maduka mapema kwa kuwahofia vijana wa mapanga. Wengine hata ndevu hazijaota.

Tunasema wamekosa malezi. Ni kweli, lakini tuangalie na riziki ilikopotelea. Mwaka 2018 reli mpya ilianza kubeba makontena ya bandarini, na mwaka 2019 ikaamriwa shehena za bara zipite huko. Malori yakaegeshwa. Kila lori lilikuwa likimlisha dereva, utingo, fundi wa magurudumu, na yule mama wa chai na mahamri pale Changamwe. Agizo liliondolewa mwaka 2022, lakini mtoto aliyeacha shule kwa kukosa karo miaka ile, leo ni kijana wa maskani. Hapo ndipo muuza unga wa kulevya humkuta, na mwanasiasa naye humkodi wakati wa kampeni.

Masikini wetu wengi hulala njaa wasiguse cha mtu, na Allah awalipe. Wala mwenye panga hana udhuru kwa damu aliyomwaga.

Lakini sikilizeni hukumu ya Sayyidna Umar, radhi za Allah ziwe juu yake. Watumwa wa nyumba ya sahaba Hatib waliiba ngamia wa mtu wa kabila la Muzayna, wakamchinja. Umar alipobaini kuwa bwana wao huwashindisha na njaa, hakuwakata mikono. Alimgeukia bwana: ngamia ana thamani ya dirhamu 400, basi wewe utalipa 800.

Leo Umar angemgeukia nani? Tajiri anayemzungusha kibarua ujira wake hadi mwezi wa pili? Sisi tunaochelewesha zaka? Kijana ametoka jela ya Shimo la Tewa, ametubu, anaswali nasi safu moja. Akiomba kazi, twamdai cheti cha maadili mema, na twajua hana.

Baada ya swala, kamati itakaa barazani. Mwenye gereji, duka au karakana ya useremala, tafadhali aandikishe nafasi moja ya kijana kujifunza kazi, na posho yake ya chakula cha mchana.